Namba ya sukari bila saa yake haimsaidii mama mjamzito

Tuchukue namba moja: 5,8. Imeandikwa kwa biki kwenye kadi ya mama mwenye mimba ya miezi sita, mbele ya neno "sukari". Hakuna kingine kilichoandikwa. Je, mama huyu ana ugonjwa wa sukari wa mimba au hana?

Hakuna muganga anayeweza kujibu. Kama alipimwa asubuhi, tumbo tupu, 5,8 imepita mpaka: kwa kanuni ambazo Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwaka 2013, mjamzito ambaye sukari yake kabla ya kula inafika 5,1 ana ugonjwa wa sukari wa mimba. Kama alipimwa masaa mawili baada ya bugali na sombe, 5,8 hiyo hiyo ni namba nzuri, na anaweza kurudi nyumbani bila wasiwasi. Kinachotenganisha majibu hayo mawili ni saa, na saa haikuandikwa.

Wengine watasema hilo ni jambo dogo la makaratasi. Hatukubali. Katika mji wenye amani, mama anaweza kufuatwa na muganga yule yule tangu mwezi wa tatu hadi siku ya kuzaa, na muganga akakumbuka. Masisi na Walikale hali ni nyingine. Januari 2025 vita vilifika Masisi Centre, vikateremka Sake, vikaingia Goma. Machi mwaka huo huo ikawa zamu ya Walikale Centre. Mama aliyeanza kupimwa Nyabiondo anaweza kujikuta mwezi wa saba yuko Kashebere, na mwezi wa nane akazalia Minova, kwa waganga wasiomjua. Anachobaki nacho cha matibabu ya nyuma ni kadi ile aliyoifunga ndani ya kitenge. Kilichoandikwa pale lazima kieleweke na mtu ambaye hakuwepo.

Tueleze kwanza ugonjwa wenyewe, kwa sababu maneno mengi yanasemwa juu yake. Mimba inapokua, kondo la nyuma linatoa homoni zinazoizuia insulini ya mama kufanya kazi yake, yaani kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Kwa wamama wengi, kongosho linaongeza insulini na mambo yanaendelea. Kwa wengine linashindwa, na sukari inabaki juu. Hilo linaonekana zaidi kuanzia mwezi wa sita, ndiyo maana kipimo kinafanywa kati ya juma la 24 na la 28. Ugonjwa huu hauletwi na uchawi, wala chai tamu peke yake haiuleti. Na mara nyingi hauna dalili ya kuutambua: kiu, uchovu, kwenda haja ndogo mara kwa mara, kila mjamzito anavijua hivyo. Wale wanaongojea kuona sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo wanapoteza wakati. Figo za mjamzito zinaweza kupitisha sukari kwenye mkojo hata wakati damu iko sawa. Lazima damu ipimwe.

Sukari ya mama ikibaki juu inapita hadi kwa mtoto. Mtoto anatengeneza insulini nyingi ili kuitumia, na ananenepa kupita kiasi. Huku kwetu mtoto wa kilo nne na nusu anapokelewa kwa vigelegele, na watu wanamsifu mama kwamba alikula vizuri. Furaha hiyo tunaielewa. Lakini mtoto wa namna hiyo ndiye ambaye kichwa kinatoka na bega linakwama, na uchungu unaochukua siku mbili bila msaada ndio unaomwachia mama fistula. Mahali ambapo hospitali iko karibu, wanaita daktari wa upasuaji. Katika vilima vya Masisi, usiku, barabara imefungwa, mama amelazwa kwenye kipoyi na wanaume wanateremka naye matopeni, watu wawili wanaweza kufa njiani. Kujua mwezi wa sita kwamba sukari iko juu kunampa mama huyo miezi mitatu ya kuishusha, na ya kupanga asogee mapema karibu na hospitali.

Turudi kwenye namba. Tatizo la saa linafuatwa na tatizo la kipimo. Kuna mashine zinazohesabu kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na kuna laboratwari zinazoandika kwa gramu kwa lita, kwa mazoea ya Kifaransa. Kwa hiyo sukari ile ile inaweza kuandikwa 5,8 kwa mashine ya kwanza, 105 kwa ya pili, na 1,05 kwenye karatasi ya laboratwari. Mama aliyepewa 1,05 Goma, kisha 105 Masisi, anaweza kudhani sukari imepanda mara mia, na jirani yake akamthibitishia. Hesabu yake si ngumu: miligramu unazigawanya kwa 18 kupata milimoli, na gramu unazizidisha kwa 100 kupata miligramu. Lakini hesabu hiyo si kazi ya mama. Ni kazi ya aliyeshika biki kuandika kipimo mbele ya namba.

Kuna pia safu mbili za namba ambazo watu wanazichanganya, hata waganga wengine. Ya kwanza ni ya kutambua ugonjwa. Mama anakuja tumbo tupu, anapimwa, anakunywa gramu 75 za glukozi zilizoyeyushwa katika maji, kisha anapimwa tena baada ya saa moja na baada ya masaa mawili. Mipaka ya OMS ni 92 kabla ya kunywa, 180 baada ya saa moja, 153 baada ya masaa mawili, zote kwa miligramu. Kwa milimoli ni 5,1, 10,0 na 8,5. Ikifikiwa mojawapo tu, inatosha. Na kama ya asubuhi inafika 126, au ile ya masaa mawili inafika 200, huo unahesabiwa kuwa ugonjwa wa sukari kamili, ambao pengine mama alikuwa nao kabla ya mimba. Huyo anapaswa kuonana na daktari bila kuchelewa.

Safu ya pili ni ya kumfuata mama ambaye tayari anajulikana. Hapo wataalamu wengi wanataka sukari ya asubuhi iwe chini ya 95, ya saa moja baada ya chakula chini ya 140, na ya masaa mawili chini ya 120; yaani 5,3, 7,8 na 6,7 kwa milimoli. Msomaji makini ataona kwamba 95 ni kubwa kuliko 92, na atauliza inawezekanaje. Mpaka wa 92 unatumika mara moja, kuamua nani afuatwe. Ule wa 95 unatumika kila siku, kujua kama matunzo yanatosha. Ni mipaka ya kazi mbili tofauti.

Mipaka hiyo yenyewe ilikubaliwa mezani na watu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2008 kwa jina la HAPO ulifuata wajawazito zaidi ya elfu 23 katika nchi 9, ukaonyesha kwamba hatari inapanda pole pole kadiri sukari inavyopanda, bila ukuta wowote katikati. (Katika nchi hizo 9 hakuna hata moja ya Afrika, na hilo wataalamu wetu wangepaswa kulilalamikia kwa sauti.) Mama mwenye 93 asilie kama aliyehukumiwa, na mwenye 91 asicheke kama aliyeokoka. Kinachoonyesha njia ni mfululizo wa namba kwa siku kadhaa. Zile za asubuhi zikiwa juu siku baada ya siku, kupunguza bugali peke yake huenda kusitoshe, na daktari atafikiria dawa. Zile za baada ya chakula zikiwa juu, tuangalie kwanza sahani.

Hapa Kiswahili chetu kinaweza kututega. Ukimwambia mama "njoo upimwe saa mbili", mmoja atafika saa mbili ya asubuhi, mwingine ataelewa masaa mawili baada ya kula. Wote wawili wamekusikia vizuri. Aambiwe hivi: hesabu kuanzia tonge la kwanza, sio kuanzia kunawa mikono baada ya kula. Na aulizwe alikula nini, saa ngapi. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari iliyonywewa njiani ni chakula, hata kama yeye atasema hajala.

Kidole nacho kinadanganya. Mama aliyetoka kumenya ndizi mbivu au kutafuna muwa ana sukari kwenye ngozi, na tone la damu likipita pale mashine itapiga namba ya kutisha. Maji na sabuni, kisha mikono ikauke, ndipo achomwe. Vile vibandeleti vya kupimia navyo vina adui: joto na unyevu wa msitu wa Walikale, na kopo lililoachwa wazi. Baridi kali ya asubuhi katika nyanda za juu za Masisi inaweza pia kuisumbua mashine, kwa hiyo isiachwe nje usiku. Vibandeleti vilivyopita tarehe vinatoa namba kama vile vizuri, na kosa lao halionekani kwa macho. Namba ikishangaza, rudia kipimo kabla ya kumtisha mtu. Na mashine ikiandika herufi HI badala ya namba, maana yake sukari imepanda kupita uwezo wake wa kuhesabu. Ikiandika LO, imeshuka kupita kiasi. Zote mbili ni haraka ya hospitali.

Kushuka huko hakuzungumzwi vya kutosha, ingawa katika wilaya hizi mbili kunaweza kuua haraka kuliko kupanda. Sababu ni malaria. Malaria kali yenyewe inateremsha sukari ya mjamzito, na kinini, dawa ambayo wazee wetu wanaijua tangu utoto, inalisukuma kongosho kutoa insulini na kuiteremsha zaidi. Tangu 2006 OMS inataka malaria kali kwa watu wazima itibiwe kwanza kwa artesunate, lakini dawa zikikatika barabarani, muganga anatumia aliyonayo. Mjamzito mwenye malaria aliyelegea, anayetoa jasho la baridi, anayesema maneno yasiyoeleweka au kupatwa na degedege, apimwe sukari hapo hapo. Asiachwe eti ni malaria imepanda kichwani, wala asipelekwe kwenye chumba cha maombi kwanza. Chini ya 70, kama bado anameza, apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kama hamezi, asinyweshwe kitu. Anahitaji glukozi ya mshipani. Tuongeze kwamba upungufu wa damu, ambao malaria inauleta kwa wamama wengi, unaweza kuzifanya baadhi ya mashine zionyeshe namba iliyo juu kuliko ukweli. Kwa hiyo hata 75 kwa mama mweupe wa viganja na macho si ya kuaminiwa sana.

Sasa chakula. Mashauri mengi yanayotolewa yameandikwa kwa ajili ya watu wenye soko na friji. Kumwambia mama aliyekimbia, ambaye anapokea unga, maharagi, mafuta na chumvi, kwamba ale samaki na saladi, ni kumdhihaki. Lakini hata kwa unga na maharagi kuna la kufanya. Maharagi yaongezwe na bugali ipunguzwe, iwe kama ngumi yake. Sombe au lengalenga ijaze nusu ya sahani, na aanze nayo. Chakula kigawanywe mara nne au tano kwa siku badala ya sahani moja kubwa ya jioni. Chai inywewe bila sukari. Fanta na juisi ziachwe kwa ajili ya siku ile sukari imeshuka. Maziwa na jibini la Masisi, kwa anayepata, si adui. Kutembea dakika kumi au kumi na tano baada ya kula kunasaidia, ingawa tunajua wamama wengi hapa wanatembea kupita kiasi, tena na mzigo mgongoni. Jambo moja likatazwe kabisa: kufunga kula ili namba ishuke kabla ya kwenda kwa muganga. Namba itakuwa nzuri siku hiyo, na itakuwa ya uongo, huku mtoto tumboni akikosa chakula.

Kwa wamama wengi chakula na kutembea vinatosha. Wanaobaki wanahitaji dawa, mara nyingi insulini, na hapo tunasikia haraka kwamba haiwezekani kwa sababu hakuna friji. Friji ni bora, na insulini isiyofunguliwa inapaswa kukaa kwenye baridi. Hata hivyo, katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, shirika la MSF lilipima joto la nyumba za wakimbizi, kisha Chuo Kikuu cha Geneva kikajaribu insulini katika joto hilo hilo, linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kwa majuma manne insulini ilibaki na nguvu zake. Chungu cha udongo chenye maji, mahali penye kivuli, kinaweza kumlinda mama wa Walikale vya kutosha kama anafundishwa na kufuatwa. Hoja ya friji isitumiwe tena kumnyima dawa.

Tunaloliomba mamlaka za afya, wasimamizi wa maeneo ya afya ya Masisi, Katoyi, Mweso, Kirotshe, Walikale, Pinga, Itebero na Kibua, na mashirika yanayowasaidia, halihitaji majengo mapya. Kila kituo tayari kinajua kuchoma kidole kwa ajili ya kipimo cha haraka cha malaria. Tone la pili kutoka kidole hicho hicho linatosha kwa sukari. Inatisha kufikiri kwamba kutoka Rubaya inatoka coltan inayoingia katika vifaa vya umeme vya dunia nzima, na mama wa Rubaya anaweza kuzaa bila kuguswa na kifaa cha umeme cha ukubwa wa kiganja. Mashine zinunuliwe za aina moja kwa wilaya nzima, ili vibandeleti vya kituo kimoja vitumike kwa kingine na namba zisomeke kwa kipimo kimoja. Kadi ichorwe sehemu nne ndogo: tarehe, saa, amekula au hajala, namba na kipimo chake.

Na kwa mama anayetembea nusu siku kufika kituoni, kumtaka afike tumbo tupu ni kumwambia asije. India ililiona hilo. Mwongozo wake wa taifa unaruhusu mjamzito anywe gramu 75 za glukozi hata kama amekula, kisha apimwe mara moja tu baada ya masaa mawili, na 140 ndio mpaka. Njia hiyo si sahihi kama ile ya OMS, na wataalamu wanaibishania. Lakini kipimo kinachofanyika kina faida kuliko kile kizuri kinachobaki kwenye kitabu, na tunaona idara ya afya ya mkoa ingeijaribu katika vituo vya mbali.

Mtoto akizaliwa, kazi haijaisha. Alikuwa amezoea sukari nyingi na insulini nyingi; kitovu kinapokatwa sukari inakatika na insulini inabaki, kwa hiyo anaweza kushukiwa na sukari katika masaa ya kwanza. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, hasa kwenye baridi ya vilimani. Akitetemeka, akilegea au akikataa titi, apimwe.

Mama naye, sukari yake kwa kawaida inarudi chini mara kondo linapotoka, na wengi hapo wanaambiwa wamepona. Hawajaambiwa kwamba hatari yao ya kupata ugonjwa wa sukari wa kudumu katika miaka inayofuata ni kubwa mara kadhaa kuliko ya wenzao. Wanapaswa kupimwa tena kati ya juma la 6 na la 12 baada ya kuzaa. Juma la 6 ndilo ambalo mama analeta mtoto kwa chanjo. Tayari yuko kwenye benchi la kituo, kadi iko mkononi, na muganga ana sindano. Aulizwe tu kama amekula asubuhi hiyo, achomwe kidole, na saa iandikwe.